Kiingereza Unakijua Lakini Kinagoma: Dalili, Vyanzo na Matengenezo

Mwongozo huu si wa anayeanza. Ni wa mtu aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, anayesoma gazeti la Kiingereza akalielewa, ila akiitwa kwenye usaili, akiandika barua ya kazi au akisimama mbele ya wageni, lugha inamkatikia njiani. Umetokana na malalamiko yanayojirudia kwa watu wa Mtwara mjini, Mikindani, Lindi na Kilwa Masoko: makarani wa maghala ya korosho, waongoza watalii, walimu wa sekondari, vijana wanaosaka ajira bandarini na kwenye mitambo ya gesi. Kazi zao mbalimbali, hitilafu zilezile.

Tafuta dalili yako, anza na chanzo cha kwanza ndipo ushuke. Vyanzo vimepangwa kuanzia kile kinachowapata wengi. Nakusihi usiruke, maana wengi hukimbilia kukariri maneno makubwa ilhali hitilafu yao iko kwenye maneno madogo. Mtu aliyefika ngazi hii ana msamiati wa kutosha kujieleza. Kinachomwangusha ni Kiswahili, au Kimakonde, Kimwera, Kiyao, kinachoendelea kupanga sentensi chini kwa chini huku mdomo ukitamka Kiingereza.

Kabla ya yote, jirekodi kwa simu ukizungumza dakika moja kuhusu kazi yako, bila karatasi. Kisha andika aya moja juu ya jambo hilohilo. Ziache hadi kesho yake, uzirudie kwa utulivu. Bila sampuli hizo mbili utakuwa unatengeneza kwa kubahatisha.

Dalili: "Nikisoma naelewa, nikitaka kusema maneno hayaji"

Chanzo kikubwa ni kwamba maneno hayo yanajulikana na macho tu. Jipime hivi: fungua daftari lako la msamiati, ziba upande wa Kiingereza, tazama Kiswahili na useme sentensi nzima kwa sauti. Kama neno linakuja tu ukiliona limeandikwa, basi hujawahi kulifanyia mazoezi ya kutoka mdomoni. Dawa yake ni kugeuza upande wa mazoezi: kila siku anza na maana, umalizie na neno, kwa sauti.

Cha pili ni kuandika maneno yakiwa peke yake. Mswahili hajifunzi "piga" halafu akabuni mwenyewe. Anajua simu inapigwa, picha inapigwa, pasi inapigwa, deki inapigwa, mswaki unapigwa. Kiingereza nacho kina ndoa zake: "make a mistake" lakini "do homework", "heavy rain" lakini "strong tea", "take a photo", "raise a question". Ukiandika "mistake = kosa" umeandika nusu. Andika "make a mistake", "a costly mistake", "by mistake". Kazi ya daftari itakuwa ndefu zaidi, lakini maneno yatakuja yameshikana.

Cha tatu ni kusahau kwa kawaida ya binadamu. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alionyesha mwaka 1885 kwamba tunachojifunza hupotea kwa kasi saa na siku za mwanzo, kisha kasi hupungua. Kwa hiyo kukariri maneno 50 Jumamosi na kuyaacha ni kazi bure. Yachukue 10, yarudie kesho, kisha baada ya siku tatu, wiki, mwezi. Anayejiandaa kwenda chuo aanze na orodha ya maneno ya kitaaluma iliyotayarishwa na Averil Coxhead mwaka 2000. Ina familia 570 za maneno kama "analyse", "assume" na "significant", yanayojitokeza katika masomo ya kila aina. Hayo yatakusaidia kuliko neno refu ulilolisikia kwenye mdahalo mara moja.

Mara chache chanzo si lugha. Mtu mwenye kigugumizi hata katika Kiswahili, au mtoto ambaye kusoma Kiswahili chenyewe kunamshinda wakati wenzake wameshavuka, haongezewi tuisheni ya Kiingereza. Hapo simama. Huyo anahitaji mtaalamu wa usemi au mwalimu wa elimu maalumu, na kumlazimisha kunamuumiza.

Dalili: Sentensi imenyooka, lakini msikilizaji anakunja uso

Hii ndiyo dalili ninayoiona hatari zaidi, kwa kuwa mwenye tatizo hajui kama analo. Hakuna kosa la sarufi, lakini maana imefika nyingine.

Anza na majibu ya swali la kukanusha. Mtu akikuuliza "Hujala?" na kweli hujala, unajibu "Ndiyo", yaani umesema kweli, sijala. Mwingereza akiuliza "Haven't you eaten?" na hujala, jibu ni "No". Sasa hamisha jambo hilo kazini. Msimamizi anauliza "Didn't you close the valve?" nawe, ambaye hukuifunga, unajibu "Yes". Yeye amesikia imefungwa. Kipimo ni kumwomba mwenzako akuulize maswali kumi ya namna hiyo harakaharaka. Ukikosea hata moja, acha kabisa kujibu kwa neno moja. Sema sentensi nzima: "I didn't close it." Kazini fanya hivyo hata ukiwa na uhakika.

Kinachofuata ni kitenzi kimoja cha Kiswahili kinachogawanyika Kiingereza. Kuazima kwetu kunakwenda pande zote mbili, ndiyo maana tunasikia "borrow me your pen". Anayetoa ana-"lend", anayepokea ana-"borrow". Kukataa ni "refuse" ukikataa kufanya, ni "deny" ukikana tuhuma: "He refused to pay" na "He denied stealing the sacks" ni kesi mbili tofauti. Kushinda ndiko kunakochanganya hasa: unaweza "win a match", lakini timu pinzani una-"beat" au "defeat". Ukisema "we won them" msikilizaji anaweza kudhani mlipewa watu kama zawadi. Kupanda basi ni "get on" au "take". Ukisema "I climbed the bus to Masasi", atakuona juu ya keria. Na harufu, ambayo sisi tunaisikia, wao wana-"smell". Njaa nayo wana-"feel", au wanasema tu "I'm hungry". Tenga ukurasa wa vitenzi hivi, kila kimoja na sentensi mbili za kazini kwako.

Halafu kuna adabu zetu zinazosafiri bila kubadilishwa nguo. "Pole" si "sorry" kila mara. Mgeni akijikwaa kwenye ngazi za gofu nawe ukasema "Sorry!", atakujibu "It's not your fault", kwani amesikia unaomba radhi. Sema "Are you all right?" Aliyefiwa mwambie "I'm so sorry for your loss", hapo neno lipo mahali pake. Kwa mwenye kazi nzito hawana salamu inayolingana, na hupaswi kuitafuta. Pia tukiondoka kwa muda tunasema "nakuja", tukaigeuza "I'm coming" huku tunatoka mlangoni. Sema "I'll be right back."

Mwisho, maneno yanayofanana na yasiyokuwa ndugu. "I work hardly" katika barua ya kazi maana yake, kama ina maana, ni kwamba hufanyi kazi. Ulitaka "I work hard". "Infamous" si asiyejulikana, ni anayejulikana kwa ubaya. "Invaluable" si kisicho na thamani, ni chenye thamani kubwa mno.

ONYO: "inflammable" maana yake inawaka moto kwa urahisi, sawasawa na "flammable". Kile "in-" hapa hakikanushi. Kisichowaka huandikwa "non-flammable". Yeyote anayefanya kazi karibu na gesi, mafuta au dawa za kupulizia mikorosho akariri hilo leo. Ukikuta lebo au kibali cha kazi chenye neno moja usilolielewa, simamisha kazi, muulize afisa usalama. Usikisie, na usitegemee programu ya tafsiri kwenye simu.

Dalili: Nyakati zinapishana, hasa "have" na "has"

Chanzo cha kwanza ni -me-. Kiambishi hiki kinafanya kazi ambazo Kiingereza kimezigawa. Kinaonyesha tendo lililokamilika, kama nimeandika barua. Kinaonyesha pia hali aliyo nayo mtu sasa: amekaa, amesimama, amelala, amevaa, nimechoka. Mwanafunzi akikuta -me- anaweka "have", na matokeo ni "I have tired" au "she has slept" wakati bibi yuko usingizini muda huu. Kwenye hali, Kiingereza kinataka "be": "I am tired", "she is asleep", "he is wearing a helmet".

Sehemu ya pili ya chanzo hichohicho ni tarehe. Mwongoza watalii wa Kilwa Kisiwani anasema "Ibn Battuta has visited Kilwa in 1331." Msafiri huyo alifika kweli mwaka huo, lakini mwaka ukishatajwa na umepita, "has" haikai. Ni "visited". Sasa linganisha na "Kilwa Kisiwani has been a World Heritage Site since 1981." Mwaka umetajwa, na "has" imebaki, kwa nini? Kwa sababu hadhi hiyo, inayouhusu pia Songo Mnara, ilianza 1981 na ipo mpaka leo. "In 1331" ni nukta iliyofungwa, "since 1981" ni mstari unaoendelea.

Tendaguru, kule Lindi ilikochimbwa mifupa ya dinosaria, inafaa sana kwa zoezi hili: "German expeditions dug at Tendaguru from 1909 to 1913." Kazi iliisha, kitenzi ni cha wakati uliopita. "The bones have been in Berlin ever since." Mifupa bado iko makumbusho huko, kitenzi ni "have been". Ukiweza kusema sentensi hizo mbili zikifuatana bila kusita, umeshika kiini cha "present perfect" kuliko ukariri wa kanuni kumi.

Kuna mtego mdogo kando yake. Sisi tunasema "naishi Mtwara tangu 2015", kwa -na-, ikageuka "I live here since 2015". Kiingereza kinasema "I have lived here since 2015", kama bomba la gesi la Mtwara linavyosemwa: "The pipeline has carried gas to Dar es Salaam since 2015."

Ukaguzi ni rahisi. Katika ile aya yako, pigia mstari kila "have" na "has". Jiulize mambo mawili: kuna tarehe iliyofungwa? Ni hali au tendo? Sahihisha, kisha andika aya nyingine kuhusu kijiji au mtaa wako yenye tukio lenye mwaka, jambo linaloendelea tangu mwaka fulani, na hali ya sasa. Fanya hivyo kila wiki mpaka mkono uzoee.

Chanzo cha pili ni -nge-. Kiswahili kinaiweka pande zote: ningekuwa na mtaji, ningenunua mashine ya kubangua. Ndiyo maana tunaandika "If I would have capital, I would buy a machine." Kiingereza kinaiweka upande mmoja tu. Upande wa "if" unapokea wakati uliopita: "If I had capital, I would buy." Na kwa yaliyokwisha kupita: "If I had known, I would have come." Kagua kila "if" uliyoandika, ukikuta "would" imeifuata ndani ya sehemu ileile, itoe.

Cha tatu ni -na-, inayobeba mazoea na kinachofanyika sasa kwa pamoja. Hapo ndipo zinapotoka "I am knowing" na "I am having a car". Vitenzi vya kujua, kumiliki, kuamini na kupenda kwa kawaida havichukui "-ing".

Dalili: Kuna mtu wa ziada ndani ya sentensi

"My brother he works at the port." "The man whom I met him." Kiswahili kinabandika mtendaji na mtendwa kwenye kitenzi: kaka yangu a-nafanya, mtu niliye-mw-ona. Kiingereza kikishamtaja mtu hakimrudii. Futa "he", futa "him".

Ndugu yake ni kuchanganya "he" na "she", kwa kuwa "yeye" yetu haitofautishi. Programu za tafsiri nazo hukisia, zikamgeuza mama mwenye duka kuwa mwanamume katikati ya barua. Soma rasimu yako mara moja ukitafuta hilo tu.

Dalili: Nahau zinatoka, wanaosikiliza wanacheka au wananyamaza

Chanzo kinachoongoza ni nahau kutumika mahali pasipo pake. Mfano unaouma ni "kick the bucket". Shuleni inafundishwa kuwa maana yake ni kufa, basi. Haielezwi kuwa ni ya mzaha. Ukiandika kwa bosi wako kwamba baba wa mwenzenu "kicked the bucket", umefanya kama mtu aliyesema marehemu kakata kamba, tena mbele ya wafiwa. Andika "passed away" au "died". Kabla ya kutumia nahau yoyote, tazama alama yake katika kamusi ya wanafunzi: "informal", "humorous", "old-fashioned". Alama hizo ni muhimu kuliko maana yenyewe.

Cha pili ni uzee. "It's raining cats and dogs" imejaa vitabuni, lakini wenye lugha wengi leo watasema "It's pouring." Cha tatu ni kubadilisha maneno ya ndani. Nahau ni kama kanga, jina lake huliandiki upya: "kill two birds with one stone" haikubali mawe mawili wala kuku badala ya ndege.

Vitenzi vya sehemu mbili vina utaratibu wao. Ukiwa na kiwakilishi kwenye "turn off" au "put off", kinakaa katikati: "turn it off", "put it off". Kwenye "look after" hakiingii: "look after it". Vijifunze kwa kutumia "it" tangu siku ya kwanza, nafasi itakaa yenyewe.

Na methali zetu? Zitumie. Mwongoza watalii anayesema "We have a saying here on the coast" kisha akaitafsiri kwa utulivu anasikilizwa zaidi ya anayelazimisha nahau ya London. Ila tangulia kusema kuwa ni msemo wa kwenu, mgeni asidhani umeteleza.

Dalili: Kila mara unaulizwa "Pardon?"

Wengi hulaumu lafudhi. Lafudhi si kosa, na hakuna sababu ya kuionea haya. Angalia mkazo kwanza. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kiingereza kinahamahama: INdustry, MINister, CEMetery, ARchitecture, deVELopment. Ukisema "deveLOPment" au "cemeTEry", msikilizaji anatafuta neno jingine kabisa. Kamusi huweka alama ndogo ya wima kabla ya silabi yenye mkazo. Ichukue pamoja na neno, tangu mwanzo.

Kisha irabu. Sisi tunazo tano, Kiingereza cha Uingereza kina takriban 20. "Live" na "leave" zikiwa moja, "I want to leave here" inageuka kuwa unahamia. Rekodi jozi kama "ship" na "sheep", "full" na "fool", mpe mwenzako asikilize akuambie umetaja lipi.

Konsonanti zinafuata. Sauti mbili za "th" unazo tayari, zimo katika thelathini na dhahabu. Anayezoea kusema "selasini" na "zahabu" ndiye atakayesema "sink" akitaka "think", basi aanzie kwenye Kiswahili chake. Kwa baadhi yetu tuliokulia lugha za huku Kusini, l na r zinabadilishana. Ofisini jambo hilo lina gharama: "I collected the invoice" na "I corrected the invoice" ni taarifa mbili tofauti.

Ikiwa hata Kiswahili unalazimika kuomba watu warudie, au sikio moja linavuma, acha mazoezi. Nenda hospitali ukapimwe masikio.

Dalili: "A", "an", "the" na wingi wa ajabu

Hapa sitakaa sana, kwa sababu msikilizaji anakuelewa hata ukikosea, na kusahihika kwake huchukua miaka ya kusoma. Anza na yanayoonekana kwenye barua za kazi: "information", "advice", "equipment", "furniture", "luggage" hazichukui "s". Taja kitu kwa mara ya kwanza kwa "a", kikirudi tumia "the". Pia punguza vihusishi vya ziada: "discuss the problem", "emphasise safety", bila "about" wala "on".

Mahali pa kusimama kabisa

Kuna karatasi ambazo hazitengenezwi nyumbani hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Mkataba wa ajira, wa ardhi au wa mauzo ya korosho, hati ya kiapo, vyeti vinavyokwenda ubalozini au chuo cha nje, fomu ya ridhaa ya upasuaji. Kwa tafsiri rasmi mtafute mtafsiri anayetambulika. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hutoa huduma hiyo. Kwa mkataba mtafute wakili. Kwa fomu ya hospitali mwombe daktari akueleze kwa Kiswahili kabla hujaweka saini, ni haki yako kuelewa.

Jihadhari hasa na maneno unayodhani unayajua. "Shall" katika mkataba si ya wakati ujao, ni sharti. "Subject to" haina uhusiano na somo la darasani, maana yake ni "ikitegemea" au "kwa masharti ya". "Waive" ni kuiachia haki yako. Ukikutana na mojawapo na mtu anakuharakisha, sema: "Could I take a copy home and give you my answer tomorrow?" Kisha ondoka na nakala, kalamu ikiwa bado imefungwa.